Moshi, Moto na Hukumu

Methali isemayo "Pafukapo moshi pana moto" ina maneno manne tu, lakini imebeba umbo zima la hoja. Nusu ya kwanza yatoa sharti, nusu ya pili yatoa tokeo. Pafukapo huitikiwa na pana, na moshi huitikiwa na moto, hata sikio likaridhika kabla akili haijauliza neno. Huo ndio uzuri wake, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Basi, msomaji, natuipime kwa mantiki.

Mwaka 1854 Mwingereza George Boole alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba kauli zaweza kushughulikiwa kama hesabu: iliyo kweli ni 1, iliyo uongo ni 0. Katika hisabati hiyo, kauli ya "ikiwa hili, basi lile" huwa uongo kwa hali moja tu: sharti liwe kweli, na tokeo liwe uongo. Kwa hiyo anayetaka kuikanusha methali yetu hana budi atuonyeshe moshi usio na moto.

Huenda akatupeleka kwenye kasoko ya Menengai, juu ya mji wa Nakuru. Huko weupe hupanda kutoka miambani, na mtu aliye mbali aweza kuapa kwamba pori linaungua. Kumbe ni mvuke wa maji yaliyopashwa moto chini ya ardhi. Mvuke wa namna hiyo umekuwa ukizalisha umeme huko Olkaria, karibu na Naivasha, tangu mwaka 1981. Je, methali imeanguka? La. Mvuke si moshi. Lililokosea ni jicho, lililoupa mvuke jina lisilo lake.

Wala methali haigeuzwi mbele nyuma. Makaa yaliyokolea jikoni yana moto bila moshi; basi "penye moto pana moshi" si kweli. Bali "pasipo moto hapafuki moshi" ni sahihi, kwa kuwa ni kauli ile ile iliyotazamwa kwa upande wa pili.

Sasa tuseme fedha zimepotea bwenini. Minong'ono yamtaja mwanafunzi mmoja. Mtu aitamka methali, wote wanatikisa kichwa, na hukumu imekwisha. Tazama lililotendeka: mnong'ono umeitwa moshi, ingawa waweza kuwa mvuke wa wivu tu. Tena, hata tukikubali kwamba ni moshi, methali yasema pana moto. Haisemi nani aliyeuwasha. Jina la mtu limeongezwa na msemaji, wala halimo katika maneno yale manne.

Siilaumu methali. Yatufaa sana kama mwito wa kwenda kutafuta, wala haitoshi kuwa ushahidi. Utakapoisikia ikitamkwa mbele ya mtuhumiwa, uliza kwanza: Je, huu ni moshi kweli? Na moto wenyewe, nani ameuona ukiwashwa?