Kupandisha Kazi Winguni

Tarehe 28 Novemba 2022 Heroku, kampuni inayoendesha programu za watu kwenye seva zake, ilianza kuzima huduma zake za bure, na njia iliyowapitisha wanafunzi wengi wa programu ikazibwa. Kampuni hiyo ilianzishwa Marekani mwaka 2007, ikanunuliwa na Salesforce mwaka 2010. Historia hiyo yatosha. Ninachokililia ni ule ufundi waliotoka nao waliopitia pale.

Mwanafunzi aliandika mistari michache ya Python kwa Flask, zana ya kutengenezea tovuti; tovuti ya kusalimu tu. Akaituma kwa amri moja ya Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, kisha akakaa kutazama maandishi yakiteremka kwenye skrini: mashine ya mbali inapokea msimbo, inaitambua lugha yake, inasoma orodha ya maktaba na kuzisakinisha moja moja. Mwisho inatoa anwani. Asipochagua jina, mashine ilimbunia lake, maneno mawili yenye harufu ya mvua, upepo au alfajiri, na namba pembeni. Nimewaona vijana wakiwatumia mama zao anwani ile kabla hawajaifungua wenyewe. Kilichokuwa mezani kwao jioni ile sasa kingefunguka kwenye simu ya mtu aliyeko Kigoma.

Mara nyingi hakikufunguka, na hapo ndipo ufundi ulipoanza. Kwenye kompyuta ya mwandishi programu husikiliza 127.0.0.1, yaani hujibu maombi ya kompyuta hiyo hiyo tu. Winguni haina budi kusikiliza 0.0.0.0, yaani maombi kutoka nje pia, tena kwenye poti iliyopangiwa, si ile iliyokuja nayo. Hilo halimwingii mtu kwa kuambiwa. Humwingia akisoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari, akitafuta kosa lililotangulia badala ya lile la mwisho linalopiga kelele. Picha iliyopakiwa jana leo haipo, maana diski ya pale ilirudi kwenye hali yake ya mwanzo kila programu ilipowashwa upya. Ndipo fundi anajua kwamba cha kudumu hupelekwa kwenye hifadhidata au ghala la mafaili. Na nywila haiandikwi ndani ya msimbo. Adam Wiggins, mmoja wa waasisi wa Heroku, aliweka kipimo mwaka 2011 ambacho sijaona cha kukizidi: je, msimbo wako unaweza kuwekwa hadharani sasa hivi bila siri yoyote kuvuja?

Siku hizi wachache hujipima hivyo. Watu hubandika msimbo walioandikiwa, hubonyeza kitufe, na kazi ikigoma hubonyeza tena; kumbukumbu za seva hawazifungui kabisa. Funguo za hifadhidata hukutwa wazi kwenye GitHub, ghala la msimbo mtandaoni, na mwenyewe akishtuka hufuta faili akaridhika, ilhali historia ya Git bado imezihifadhi na dawa pekee ni kubadili funguo zenyewe. Uzembe huu unaniuma, kwa sababu siri zinazovuja ni za watu waliomwamini.

Huduma za bure hazijaisha zote, ni kweli. Ila Amazon na Google hudai kadi ya benki mtu anapojiandikisha, hata kwa majaribio, na kijana wa Tandale anayejifunza kwa kompyuta ya kuazima kadi hiyo hana. Anaandika programu mwaka mzima bila kuiona hata moja ikianguka mbele ya watu, na kuanguka huko ndiko kulikotufundisha sisi.