Depo ya Jangwani: kifusi bila shimo

Kila mabasi ya mwendokasi yalipozama pale Jangwani, Dar es Salaam, lawama ziligawanywa upesi: mvua, takataka, madereva waliochelewa kuyaondoa. Zote hizo ni hadithi za mwisho wa mchezo. Mchezo uliharibika mapema, kwenye meza ya michoro, pale ilipokubaliwa kwamba depo ya awamu ya kwanza ikae ndani ya bonde la Msimbazi na kwamba kifusi kitaimaliza shida ya maji. Lilikuwa kosa, tena kosa la uamuzi, si la mtu wa greda. Njia ya zege kutoka Kimara hadi Kivukoni ni kazi nzuri, na vituo vimekaa kwenye leveli ya sakafu ya basi kama inavyotakiwa. Hayo tuyaache.

Tuutazame uamuzi wenyewe. Msimbazi unateremka kutoka milima ya Pugu, unapokea maji ya mto Ubungo njiani, na ukifika Jangwani umeshapoteza karibu mteremko wote. Mbele yake kuna tuta la Barabara ya Morogoro na tundu la daraja, kisha mikoko, kisha daraja la Selander na bahari. Bahari ikijaa, hasa wakati wa bamvua, mto haupati pa kutokea. Kwa hiyo bonde lile lina kazi yake: linayapa maji mahali pa kusubiri mpaka bahari ipwe. Ukileta kifusi humo, maji hujayaondoa hata ndoo moja, umeyanyang'anya nafasi. Hesabu yake ni ya darasani. Hekta moja ikiinuliwa kwa mita moja inakula mita za ujazo 10,000, yaani tipa 1,000 za mita kumi kumi. Ni kutia jiwe kwenye beseni lililojaa na kushangaa sakafu kulowa. Maji yaliyofukuzwa hapo yatapanda kwa jirani, kisha yatarudi kwa aliyeyafukuza.

Wapo watakaosema kifusi kilikuwa kidogo tu, kingemwagwa zaidi. Hapa ndipo wachoraji wengi wa saiti wanapoteleza, na si Jangwani peke yake. Tuseme udongo uliletwa moramu safi, ukashindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, rola likapita mpaka vipimo vya maabara vikaridhika, greda likaipa sakafu mwinamo wa asilimia mbili kuelekea mtaroni. Kazi ya kupigiwa mfano. Lakini mtaro unamwaga wapi? Mtoni. Mto ukiwa juu kuliko sakafu ya depo, mtaro unageuka mlango wa kuingilia, na mwinamo wako wote unayapokea maji badala ya kuyatoa. Mteremko wa saiti hauna maana mpaka ujue leveli ya maji pale unapomwaga, siku mbaya kuliko zote, na bahari ikiwa imejaa.

Tena leveli hiyo haitulii. Milima ya juu imevuliwa miti, kingo zinachimbwa mchanga, na tope lote linatua pale penye tambarare, chini ya daraja. Safu hii imelalamika mara nyingi kuhusu utaratibu wetu wa kupeleka kijiko kuzoa mchanga chini ya daraja, kupiga picha, na kuurundika mchanga uleule kingoni usubiri mvua ijayo iurudishe. Sakafu ya mto ikipanda, depo iliyopimwa juu ya maji ya jana inakuwa chini ya maji ya kesho. Aliyechagua kimo kile alipima dhidi ya kitu kinachokua.

Utetezi wa pili ni kwamba mafuriko yale hayakutarajiwa. Huu hauhitaji maneno mengi. Desemba 2011 bonde hilihili lilifurika, makumi ya watu wakafa jijini, na serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande. Mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016. Katikati ya tarehe hizo, Desemba 2015, nyumba za bondeni zilipigwa X na kubomolewa kwa hoja kwamba mahali pale si salama. Hoja ilikuwa sahihi. Basi iweje mahali pasipofaa kitanda cha mkazi pafae karakana ya mabasi ya mamilioni ya dola? Mashabiki wa Yanga nao wangeweza kuulizwa. Uwanja wao wa Kaunda, uliopo hapohapo Jangwani, ulikuwa ukigeuka dimbwi kabla mabasi hayajaanza.

Utetezi wa tatu una uzito zaidi: ardhi ya umma, karibu na katikati ya jiji, bila fidia kubwa, ingepatikana wapi kwingine? Ni kweli ardhi ilikuwa rahisi, na ilikuwa rahisi kwa sababu ni ya mto. Wazee waliochora mpango mkuu wa jiji wa 1979 waliyahesabu mabonde haya kuwa ardhi ya hatari na kuyaacha wazi. Bondeni, bustani ya mchicha ikizama inapandwa tena; karakana haipandwi. Hawakuwa na kompyuta za kuigiza mafuriko, ila waliijua ramani ya miinuko na waliiheshimu, jambo ambalo waliowafuata wenye vifaa vyote hawakulifanya.

Sasa swali gumu. Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopitishiwa dola milioni 200 za Benki ya Dunia mwaka 2022, nao utainua ardhi kingoni. Je, si kifusi kilekile? Sicho. Kule mto unachimbwa na kupanuliwa kwanza, na udongo uliotoka ndio unaojenga matuta ya pembeni. Nafasi ya maji inaongezwa kabla ya kupunguzwa, na daraja la Jangwani linainuliwa lisiwe kizibo. Huko ndiko kukata na kujaza kwa mtu anayejua udongo unatoka wapi na maji yanakwenda wapi. Mradi huohuo unaihamishia depo Ubungo Maziwa, na hakuna hukumu nzito kuliko hiyo juu ya uamuzi wa kwanza.

Kibali cha kujaza kifusi kwenye bonde lolote la jiji hili, iwe Mlalakuwa, Kizinga au Tegeta, kiwe na namba mbili juu ya karatasi ya kwanza: mita za ujazo zinazoletwa na mita za ujazo zinazochimbwa. Ya pili ikiwa ndogo kuliko ya kwanza, afisa asisaini.