Hondohondo na msizi: jinsi msitu wa Amani ulivyovamiwa

Msizi si mti wa Usambara Mashariki. Kwao ni misitu ya Uganda, Kongo na ukanda wa Ziwa Viktoria. Amani, wilayani Muheza, uliletwa na wataalamu wa misitu mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ukapandwa kwa wingi kuziba mapengo yaliyoachwa na wakata magogo. Wapandaji walipiga hesabu ya mbao, kwa kuwa msizi hukua haraka na shina lake hunyooka. Hondohondo hakuwemo katika hesabu hiyo.

Tunda la msizi likiiva huwa la zambarau iliyokolea, na ndani yake mna kokwa ngumu. Hondohondo wa mashavu ya fedha, ndege wa zaidi ya kilo moja, hulichuma kwa ncha ya mdomo, akalirusha kooni na kulimeza zima. Tumbo huyeyusha nyama ya tunda tu. Kokwa huitapika ikiwa nzima, safi, tayari kuota. Kufikia wakati huo ameshavuka bonde. Kima naye hulila tunda hilohilo, lakini kokwa nyingi huziangusha palepale chini ya mti mama. Kwa hiyo aliyeutoa msizi ulikopandwa na kuueneza msituni ni hasa huyu mwenye mabawa.

Msimu wa kuzaa kazi huzidi. Jike hujifungia katika tundu la mti mkubwa, na mlango huzibwa kwa udongo hadi ubaki ufa mwembamba. Kwa takriban miezi minne dume ndiye mlishaji. Hufika koo limejaa, akatapika tunda mojamoja na kulipitisha ufani kwa ncha ya mdomo. Makadirio ya kiota kimoja yalifikia matunda 24,000 kwa safari 1,600, yaani kama 15 kila safari. Hakuna bustani ya miche inayosafirisha mbegu kwa bidii hiyo.

Hata hivyo, kokwa peke yake haivamii msitu. Mche wa msizi unataka mwanga, na penye kivuli kizito hudumaa. Misumeno ndiyo iliyoutoboa msitu ukaingiza jua. Ndege akaleta mbegu mahali palipokwisha kuandaliwa. Kumlaumu hondohondo ni kumwonea, maana ndiye huyohuyo anayesambaza mikuyu na miti mingine ya asili, na magogo yaliyokatwa yalikuwa na matundu yake ya kuzalia.

Kufyeka misizi yote kwa mkupuo kutafungua mapengo mapya, nayo yatajazwa na misizi mingine. Ianze kuondolewa miti mama inayozaa sana kandokando ya msitu, kidogokidogo, huku miche ya asili ikipandwa chini yake. Miti mikubwa yenye matundu isiguswe. Na kabla ya kupanda mti wa kigeni karibu na msitu, tuulize kwanza matunda yake yataliwa na nani.