Salme wa Mwaka Gani?

Mwigizaji anapotoka peke yake mbele ya watu na kusema, "Mimi ni Salme binti Said," wengi hutazama kwanza mavazi. Mimi husubiri kusikia ni Salme wa mwaka gani. Salme wa 1859 ni msichana wa miaka kumi na mitano, binti wa sultani, anayewaandikia barua za siri watu waliotaka kaka yake Barghash amwondoe kaka yao mwingine, Majid, kwenye kiti cha usultani wa Unguja. Salme wa 1866 ana mimba, anapanda manowari ya Kiingereza kukimbilia Aden, wala hajui kama ataiona tena Mtoni alikozaliwa. Salme wa 1886 anaitwa Emily Ruete. Ni mjane Ujerumani, ana watoto watatu, kitabu cha maisha yake kimetoka mwaka huo huo, na ni mwaka mmoja tu tangu arudi Unguja na Barghash, sasa sultani, akatae kumpokea.

Fanani asiyejua kazi yake huwachanganya wote watatu. Humpa msichana busara ya mjane, na kila jambo linapotokea tayari uso wake unaonyesha kwamba anajua litaishaje. Mtu aliye hai hajui mwisho wa habari yake. Ukiona Salme anaaga Unguja kwa kilio cha mtu anayejua kwamba mumewe atakufa kwa ajali ya tramu Hamburg mwaka 1870, ujue aliye mbele yako ni mtu wa leo aliyesoma kitabu hadi ukurasa wa mwisho. Anayeijua kazi huchagua siku moja na kuilinda. Mtu katika hadhira akimuuliza jambo lililotokea baadaye, anashangaa kweli, kisha anauliza nalo ni nini.

Ukishaujua mwaka, tazama mikono. Salme mwenyewe ameeleza kwamba alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kuna waigizaji wanaouinua mfupa huo juu ili watu wauone, wakaufanya kuwa pambo. Anayestahili sifa huuweka pajani, akauinamia, na mkono wa pili unabaki huru kuuficha mtu akiingia. Hapo hahitaji kutuambia kwamba kuandika kulikuwa hatari. Hali ni hiyo hiyo kwa Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyelelewa katika ufinyanzi na kuuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji. Chungu cha kina mama wa huko hufinyangwa kwa mikono mitupu, kiganja kimoja ndani, kingine nje. Mwigizaji anayezungusha mikono hewani kana kwamba mbele yake pana gurudumu amekwisha kutuonyesha kwamba hakwenda kumtazama mfinyanzi hata siku moja.

Siti ana ugumu mwingine: sauti yake ipo. Alianza kurekodi Bombay mwaka 1928, na santuri zile bado zinasikika. Kwa maoni yangu, asiye na koo la taarabu asiimbe. Atusimulie safari ya kwenda kurekodi, atuonyeshe mwanamke asiyejua kusoma anavyohifadhi maneno kichwani, kisha santuri yenyewe ipigwe. Kuiga vibaya sauti ambayo wazee bado wanaikumbuka ni kumvunjia heshima Siti na wazee pia.

Katika lugha ndiko wengi huanguka. Mfano mkubwa ni wa Marekani, ambako maigizo ya namna hii yana mizizi mirefu. Sojourner Truth alihutubia mkutano wa wanawake Akron, Ohio, mwaka 1851. Hotuba inayojulikana zaidi, yenye swali linalorudiwarudiwa, "Je, mimi si mwanamke?", na lafudhi ya watumwa wa Kusini, iliandikwa na Frances Gage mwaka 1863, miaka kumi na miwili baadaye. Ile iliyochapishwa gazetini majuma machache baada ya mkutano haina swali hilo. Tena Truth alizaliwa utumwani New York, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi. Kwa hiyo mwigizaji anayemsemesha Kiingereza cha Kusini anamwigiza Gage. Huku kwetu nimemwona Bibi Titi Mohamed akisema Kiswahili cha mtangazaji wa redio, yeye aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 na kuongoza uimbaji wa kikundi cha ngoma kabla ya kuwakusanya wanawake kwa ajili ya chama cha TANU. Na akina mama wale wa 1955 hawakujua neno "uwezeshaji". Wala Bibi Titi wa mwaka huo hawezi kujifunga kitambaa cha rangi za bendera ya Tanzania, iliyokuja baada ya Muungano wa 1964.

Kuna kipimo kimoja ninachokishika kwa nguvu zaidi ya vyote: je, mwigizaji ana ujasiri wa kumwachia mwanamke huyo mawazo yanayotuchoma? Katika kitabu chake Salme aliutetea utumwa wa Unguja, akisema haukuwa kama ule wa Marekani. Anayelifuta hilo ili tumpende ametunyang'anya Salme mzima. Na tukumbuke kwamba kati ya wanaomsikiliza wapo wajukuu wa watumwa wale. Mwigizaji na alitamke kwa utulivu, kama mtu anayeamini asemalo, kisha awaache watu wamkabili kwa maswali.

Mwishoni, mwigizaji anapovua ushungi na kuongea kwa jina lake, usiondoke. Ikiwa alikuwa Mekatilili wa Menza, aliyewaapisha Wagiriama huko Kaya Fungo mwaka 1913, akahamishiwa Kisii, akatoroka na kurudi kwao kwa miguu, muulize kila kisa amekitoa wapi. Aliyejiandaa atakujibu bila kusita: hili limo katika majalada ya wakoloni waliomkamata, hili husimuliwa na wazee, na yale maneno ya njiani usiku nimeyatunga mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyeyaandika.