Haki ya Kujibu: Utani wa Marafiki wa Mtandaoni kama Utanzu wa Mazungumzo

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuutaja utani bila kuuhakiki. Mulokozi (1989), katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi uliochapishwa katika jarida la Mulika, aliyaweka malumbano ya watani na soga katika utanzu wa mazungumzo, sambamba na hotuba, ulumbi na mawaidha. Vitabu vya fasihi simulizi vinavyotumiwa katika shule za sekondari nchini Kenya vimefuata mkondo huo. Hata hivyo, tukilinganisha nafasi inayopewa ngano, methali na ushairi na ile inayopewa utani, tutaona kwamba utani umebaki mtoto wa kambo: hutajwa, hutolewa maana kwa aya mbili, kisha mwandishi akaendelea na safari yake.

Sababu kuu ni kukosekana kwa matini. Ngano hurudiwa, methali hukariri, bali utani hufa papo hapo kicheko kinapokoma. Leo hali imebadilika. Vijana wa Nkubu, Imenti Kusini, waliotawanyika Nairobi, Embu na ng'ambo, hutaniana kwa maandishi katika vikundi vya simu, na kila neno hubaki. Makala haya yanakusudia kuuliza ni nini kinachoufanya utani huo uwe utani, na mhakiki autofautisheje na matusi. Tutadai kwamba kigezo hakimo katika maneno yenyewe, wala katika kicheko, bali katika haki ya anayetaniwa kujibu.

2.0 Utani na Mkataba Wake

Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 kuhusu mahusiano ya utani, aliona utani kuwa utovu wa heshima ulioruhusiwa. Mtani anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumchokoza mwenzake, naye mwenzake hatakiwi kukasirika. Katika Tanganyika ya miaka hiyo ya 1940, R. E. Moreau aliuandikia utani wa makabila na kuonyesha upana wake. Mpaka leo Mchaga na Mpare hutaniana, na mashabiki wa Yanga (iliyoanzishwa mwaka 1935) na Simba (1936) huitana watani wa jadi. Katika jamii kadhaa za Tanzania, mtani ndiye anayethubutu kuleta kichekesho matangani, mahali ambapo mgeni angefukuzwa.

Wameru wana taasisi inayofaa kuwekwa kando ya hiyo, nayo ni gichiaro. Jina lenyewe linatokana na kitenzi chenye maana ya kuzaa. Ni udugu unaofunga koo ambazo hazikuzaliwa pamoja: walio na gichiaro hawadhuriani, hawaoani, na mmoja hamnyimi mwenzake aombalo. Gichiaro si utani. Kinaogopwa, ilhali utani huchekewa. Lakini vyote viwili vinafanya kazi moja, yaani kuwafunga watu ambao wangeweza kuwa maadui kwa sheria iliyo nje ya matakwa yao. Hoja hii ni muhimu kwetu, kwa kuwa inatukumbusha kwamba penye utani wa kweli pana mkataba, na mkataba hutangulia mzaha.

Marafiki wa mtandaoni hawakurithi mkataba wa aina hiyo. Kikundi kimoja huweza kuwa na waliosoma pamoja, shemeji wa mmoja wao, na jirani aliyealikwa na mtu asiyekumbukwa. Hawa wote hawangetaniana kwa uhuru sokoni Nkubu. Kijana wa Kimeru huchezeana maneno na wanarika wake, lakini mbele ya mkwe hushika adabu. Swali basi ni hili: watu hawa huutungaje mkataba ambao hawakuachiwa na wazee?

3.0 Uchambuzi wa Mfano

Kwa sababu za kimaadili hatutanukuu mazungumzo ya watu binafsi. Mfano ufuatao tumeubuni, ingawa umbo lake litatambuliwa na yeyote aliyewahi kuchangia msiba kupitia simu. Wanarika wanachanga pesa za mazishi, na mmoja aishiye Nairobi amechelewa.

Wa kwanza: Mheshimiwa wa Nairobi, mchango wako ulipanda matatu gani? Tunaungoja stejini tangu juzi.

Wa pili: Umefika Chuka salama. Unalingoja deni lako la mwaka juzi ili wapande gari moja.

Wa tatu: Basi tuwatumie nauli wote wawili.

Wa kwanza: Nauli natoa mimi. Yameniishia.

Jambo la kwanza linalojitokeza ni tashihisi. Mchango unafanywa abiria, na barabara ni ile ile inayojulikana na wote: Nairobi, Embu, Chuka, Nkubu. Lawama iliyo nzito, yaani kwamba mtu amewatupa wenzake wakati wa msiba, inavishwa nguo ya safari ili iweze kusemwa. Jambo la pili ni kwamba mjibuji haleti taswira mpya. Anaingia katika taswira ya mwenzake na kumgeuzia. Hapa ndipo ulipo ufundi wa utanzu huu, nao haupungui sana na ule wa malumbano ya washairi, ambapo mjibuji hubanwa na vina na mizani vya aliyemtangulia. Aliyesema kwa sitiari ya safari atajibiwa kwa safari. Kutoka nje ya taswira na kusema “mbona unanidharau” ni sawa na kuvunja bahari ya shairi.

Jambo la tatu ni nafasi ya msemaji wa tatu. Yeye si mtani wala mtaniwa bali ni hadhira na hakimu. Kauli yake inathibitisha kwamba jibu limekubaliwa, na inawaweka wadeni wawili katika mizani moja. Ana kwa ana, kazi hii ingefanywa na kicheko na jicho. Katika maandishi, ambako sauti na uso havipo, kikundi huunda badala yake: emoji, kicheko kilichorefushwa kwa irabu, au kuhama kutoka Kiswahili hadi Kimeru au Sheng ili kuonyesha kwamba mlango wa mzaha umefunguliwa. Hata kimya kina maana. Mzaha usiojibiwa na yeyote umekataliwa, na mwenye kuutoa anajua.

Katika makala yake kuhusu tanzu za usemi, aliyoiandika mwaka 1952–1953, Bakhtin alitofautisha tanzu sahili za mazungumzo ya kila siku na tanzu changamano, kama riwaya, zinazozimeza hizo za kwanza. Mfano wetu unaonyesha kwamba usahili huo si ukosefu wa kanuni. Kanuni zipo. Tofauti ni kwamba hazijaandikiwa vitabu.

4.0 Mipaka ya Utani

Msomaji anaweza kupinga kwamba tunaupamba utani kupita kiasi. Pingamizi hilo lina uzito. Katika mchongoano wa vijana wa mijini, mama wa mpinzani ndiye shabaha ya kudumu, naye hayupo uwanjani. Vilevile, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, hakuna Mkenya anayeweza kudai kwamba mizaha ya kikabila haina madhara. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ilifanya kauli za chuki za kikabila kuwa kosa.

Hapa kigezo chetu kinapata kazi. Mwimenti anapomcheka Mwigembe kwa miraa, na Mwigembe akamcheka kwa ndizi zake, wawili hao wako ndani ya mkataba. Kauli hiyo hiyo ikipigwa picha na kupelekwa katika kikundi ambamo hamna Mwigembe, hakuna neno lililobadilika, lakini utanzu umebadilika. Imekuwa dhihaka, kwa kuwa aliyelengwa hana mahali pa kujibia. Hatari ya mtandao, kwa maoni yetu, si kwamba unawafanya watu wawe na ukali zaidi, bali ni wepesi wake wa kuuhamisha mzaha kutoka penye majibu hadi pasipo na majibu.

Kigezo hiki kinaangaza pia mzaha unaoelekezwa kwa wenye nguvu. Wahome Mutahi, aliyefariki mwaka 2003, alijenga safu yake ya “Whispers” juu ya gumzo la kifamilia la watu wa Mlima Kenya. Mwaka 1986 alikuwa amekamatwa na kufungwa katika msako wa Mwakenya. Dola isiyokubali kuambiwa neno haina mtani. Ina walengwa tu. Mnamo Julai 2015, CNN ilipoiita Kenya kitovu cha ugaidi kabla ya ziara ya Rais Obama, Wakenya walijibu mtandaoni kwa mzaha chini ya alama ya #SomeoneTellCNN, na mwezi uliofuata mkuu mmoja wa shirika hilo alifika Nairobi kuomba radhi. Huo haukuwa utani kwa maana yetu, kwa kuwa hapakuwa na mkataba kati ya pande hizo. Ulikuwa kejeli ya wanyonge waliojitwalia haki ya kujibu ambayo hawakuwa wamepewa.

5.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba utani wa marafiki wa mtandaoni una kanuni za kisanaa zinazohakikika: taswira inayoshirikiwa, jibu linalobanwa na taswira hiyo, na hadhira inayohukumu. Tumedai pia kwamba utanzu huu una sauti mbili kwa asili yake, na kwamba sauti ya pili ikiziba utani umekwisha, hata kama watu wanaendelea kucheka. Yafuatayo yanahitaji kutafitiwa na wanafunzi wetu wa uzamili: nafasi ya wanawake katika vikundi hivi, mabadiliko ya ndimi katikati ya mzaha, na kimya kama jibu. Kazi hiyo ianzwe kwa idhini ya wahusika. Mhakiki anayechukua maneno ya watani na kuyapeleka wasipoweza kuyajibia atakuwa ametenda kosa lile lile analolichunguza.