Mganga Anayejiganga

Wahenga walisema mganga hajigangi. Osiloskopu ya zamani, mashine inayochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, inawapinga.

Chukua Tektronix 465, iliyoingia sokoni miaka ya 1970 kutoka Oregon, Marekani. Elektroni hufyatuliwa kutoka nyuma ya bomba la kioo. Vibati viwili huzivuta juu na chini, viwili vingine kushoto na kulia, nazo zikigonga unga uliopakwa kwa ndani, kioo hung'aa kijani. Hakuna kompyuta inayokaa katikati kusawazisha mchoro, kwa hiyo ugonjwa wa mashine hujianika usoni pake. Ninayemsifu hapa ni fundi anayejua kuusoma uso huo.

Tuseme mstari uliopaswa kunyooka umeingia mawimbi. Mwenye pupa hufungua boksi akaanza kubadilisha vipuri. Fundi kwanza huchomoa probu, yaani waya wa kupimia, akageuza swichi ya ingizo hadi graundi. Mawimbi yakibaki, hayajatoka nje. Hujaribu chaneli ya pili. Ikiwa nayo inayumba vilevile, mshukiwa ni sehemu inayozihudumia zote mbili. Kisha hufanya jambo linalonifurahisha kuliko yote: hupeleka swichi ya triga kwenye LINE, ili kila mchoro uanze kwa kufuata mapigo ya umeme wa ukutani. Mawimbi yaliyokuwa yakikimbia yanasimama tuli: yanatokana na umeme huo. Sasa kinachobaki ni kuhesabu. Kwa milisekunde 5 kila mraba, wimbi moja linachukua miraba miwili, yaani milisekunde 10. Hiyo ni hertz 100, mara mbili ya hertz 50 za umeme wa Kenya na Tanzania, kwa sababu daiodi hugeuza kila mzunguko kuwa vilima viwili. Kuvisawazisha vilima hivyo ni kazi ya kapasita kubwa za pawasaplai, na kapasita hizo hukauka kwa uzee. Bisibisi bado haijaguswa.

Si kila kombo ni ugonjwa. Mstari ulioinama huenda umevutwa na sumaku ya spika iliyo jirani. Wimbi la mraba lenye mabega ya mviringo mara nyingi linaomba skrubu ndogo ya probu igeuzwe kidogo tu. Boksi hufunguliwa mwisho, tena kwa adabu, maana maelfu ya volti yanaweza kubaki ndani hata plagi ikishachomolewa.

Baada ya kapasita mpya, mstari ulionyooka peke yake haumtoshi fundi. Huunganisha probu kwenye kalibreta ya mashine yenyewe, inayotoa wimbi la kipimo, akalinganisha mizunguko ya kushoto na ya kulia kama ina upana mmoja. Kesho mtu ataleta redio yake, na hukumu ya redio hiyo itatolewa kwenye kioo hiki. Kikisema uongo, kipuri kizima ndicho kitakachong'olewa.