Azariah de' Rossi na Hadithi za Wazee

Kuwaheshimu wazee ni wajibu. Walakini, je, amheshimuye mzee amefungwa kusadiki kila hadithi yake? Swali hilo lilimsumbua Azariah de' Rossi, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyezaliwa Mantua, katika nchi ya Italia, mapema katika karne ya 16. Jibu lake limo katika kitabu alichokiita kwa Kiebrania Meor Enayim, yaani Nuru ya Macho.

Chanzo chake ni msiba. Mwezi wa Novemba 1570 tetemeko kubwa la nchi liliupiga mji wa Ferrara alimokaa, naye na jamaa zake wakakimbilia ng'ambo ya mto Po. Huko Mkristo mmoja mwenye elimu alimwuliza kama Wayahudi wanayo kwa Kiebrania barua ya Aristeas, isimuliayo jinsi wazee 72 walivyoifasiri Torati kwa Kiyunani. Hawakuwa nayo, Azariah akaifasiri kwa siku 20. Kisha akaandika sura nyingi za kupima habari za kale, na kitabu kikaanza kupigwa chapa Mantua mwaka 1573.

Twaa mfano mmoja. Talmudi, kitabu kikuu cha mapokeo ya marabi, yasema kwamba Tito, aliyeuteka Yerusalemu mwaka 70, aliingiwa na mbu puani, akamtesa ubongoni miaka saba hata akafa. Azariah alilinganisha masimulizi ya marabi wenyewe, akaona hayapatani. Tena waandishi wa Roma wasema alikufa kwa homa. Basi, wazee walisema uongo? Hasha! Walitaka kufundisha ya kuwa Mungu huwashusha wenye kiburi, na hadithi ni chombo cha fundisho hilo. Katika sheria neno lao lasimama; katika habari za miaka na wafalme, mashahidi na waulizwe.

Wengi walichukizwa. Mwaka 1574 marabi wa Venice walikataza mtu kukisoma pasipo ruhusa ya marabi wa mji wake. Huko Mantua walio chini ya miaka 25 walizuiliwa.

Kitabu kina kasoro. Mashahidi wamerundikwa hata msomaji apoteza njia. Tena, yeye aliyempima yule mbu aliipokea barua ya Aristeas kuwa ya kweli, na leo wanachuoni wanakubaliana kwamba ilitungwa baadaye sana na Myahudi aliyejifanya mtumishi wa mfalme wa Misri. Lakini waliolifichua jambo hilo walitumia kipimo kile kile cha Azariah: kulinganisha habari na mashahidi wake.

Sifa yake kubwa ni hii: Rabi Moses Provenzali wa Mantua alipompinga, Azariah alizipiga chapa hoja za mpinzani wake ndani ya kitabu chake mwenyewe, akazijibu kwa adabu. Hakuwaacha watu wake, wala hakunyamaza. Mwandishi afanyaye hivyo ameonyesha kwamba kuuliza si kudharau, akamwachia msomaji haki ya kuamua.